Mtoto wa Nani kwa Karatasi? Daftari la Njia ya Mulekera, Kampala na Nairobi

MULEKERA

Ukimwomba mtu wa Ngongolio au Matembo, mitaa ya komini ya Mulekera mjini Beni, akuoneshe kitambulisho, atachomoa kadi ya mpiga kura. Kongo haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984, na kwa miaka mingi kadi inayotolewa na tume ya uchaguzi, CENI, ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho cha raia. Ndiyo inayosajili laini ya simu, ndiyo inayooneshwa kizuizini. Watu wa Beni wana sababu yao ya kuicheka. Desemba 2018, Wakongo walipokwenda kumchagua rais, kura ya Beni na Butembo iliahirishwa hadi Machi 2019 kwa hoja ya Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari, wao wakiwa bado hawajatumbukiza karatasi. Siku ya uchaguzi wenyeji wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakasimama foleni, wakahesabu wenyewe. Kadi isiyopiga kura ikarudi mfukoni kuendelea na kazi yake nyingine, ya kusema huyu ni nani.

Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua kitambulisho kipya cha taifa, kazi iliyo chini ya ofisi ya ONIP. Mulekera sikuoneshwa hata kimoja.

Nilikuja huku na swali la mtu mwingine. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, wa hao wanaokwenda Kampala kuleta vipuri vya pikipiki, aliniambia kwamba mke wake alitolewa kizazi baada ya uzazi wa shida, na mtoto hakupona. Kampala wamesikia kwamba yai la mke na mbegu ya mume huweza kukutanishwa maabara, kisha mimba ikapandikizwa kwa mwanamke mwingine, akaibeba mpaka kuzaa. Habari ya fedha hakuigusa. "Yaya," aliniuliza, "siku ya kurudi na mtoto, pale mpakani Kasindi watasema ni wa nani?" Hakutaka jina lake liandikwe, nami siliandiki. Swali lake ndilo nililolipeleka ofisi kwa ofisi, nikilinganisha majibu ya nchi tatu.

Jibu la kwanza nililipata kwenye ofisi ya uandikishaji wa vizazi, ambayo kila mtu wa hapa huiita état civil. Rejista ni ndefu, za kuandikwa kwa mkono, na benchi la kusubiri limejaa akina mama wenye watoto mgongoni. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotungwa 1 Agosti 1987 na kurekebishwa 15 Julai 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, karani hana tena ruhusa ya kuandika. Inabidi mahakama itoe hukumu kwanza, ndipo rejista ifunguliwe.

Nilimweleza karani habari ya yai la huyu na tumbo la yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa Kiswahili cha huku: "Mama ni ule mwenye alizala. Siye tunaandika yenye karatasi ya maternité inasema." Hakukosea. Sheria yenyewe inasema uzazi wa upande wa mama unatokana na tendo la kuzaa peke yake. Mwaka 1987, sheria ilipoandikwa, nani angewaza kwamba anayezaa na mwenye yai wanaweza kuwa watu wawili?

Kwa upande wa baba, sheria hiyohiyo imekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Inatamka kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Aliyezaliwa nje ya ndoa, asipotambuliwa na baba yake ndani ya miezi 12, mahakama huweza kumteulia baba wa kisheria kutoka katika ukoo wa mama, au mtu mwingine aliyependekezwa na mama. Mtu huyo hakumzaa na hadai kwamba amemzaa. Anabeba wajibu wa baba kwa sababu sheria imeona mtoto hawezi kuachwa mtupu. Nilitia mstari chini ya jambo hilo, maana linavunja hoja niliyokuja kuisikia mara nyingi baadaye: kwamba Mwafrika hajui mzazi asiye wa damu. Sheria ya Kinshasa inamjua baba wa karatasi tangu 1987. Mama wa karatasi ndiye bado haijamfikia.

Benchi lile la Mulekera lilinifundisha jambo la pili. Wengi waliokaa pale hawakuwa na habari ya maabara. Walikuwa wamekimbia vijiji vya barabara ya Oicha na Eringeti, ambako mauaji yanayodaiwa kufanywa na waasi wa ADF yamekuwa yakirudi tangu Oktoba 2014. Mtu anayekimbia usiku habebi karatasi ya hospitali, na siku 90 hazisimami kungoja vita viishe. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini, basi na ofisi nazo zimeelemewa. Mtoto wa tajiri aliyetungwa Kampala na mtoto wa mkimbizi wa Eringeti watasimama mlango mmoja, mbele ya hakimu mmoja, wakiulizwa swali moja: nani shahidi kwamba huyu ni wenu?

KASINDI NA MPONDWE

Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80. Serikali za Kongo na Uganda zilizindua ujenzi wa barabara hiyo, pamoja na ile ya kilomita 54 ya Beni–Butembo, mwaka 2021. Lori la mbao likikutana na lori la saruji, pikipiki hujitupa kando, na mazungumzo ya abiria hurudia habari zilezile: bei ya kakao na usalama wa njia.

Mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo ya Kongo ni Wanande, ng'ambo ya Uganda ni Wakonzo, na lugha inapita daraja bila kuoneshwa hati yoyote. Asante ni wasingya huku, ni wasingya kule. Majina pia yanapita, ila yanabadilisha nguo. Kambale wa Beni ni Bwambale akifika Kasese. Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Kwa wasichana, Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho. Ni majina ya zamu ya kuzaliwa: ukilisikia, unajua mwenyewe ni wa ngapi. Mtu aliyezaliwa Lubiriha upande wa Kongo, akasomea Bwera upande wa Uganda, huweza kuwa na cheti cha shule chenye jina moja na kadi ya mpiga kura yenye jina lingine. Jirani akiyatazama anaona mtu mmoja. Kompyuta inaona wawili.

Nilimuuliza mkunga mmoja wa Mpondwe, upande wa Uganda, mama wa makamo aliyekuwa na jamaa pande zote mbili, mtoto wa kubebewa angeitwa nani. Kama aliyembeba amekwisha kuzaa watatu, huyu ni wa nne? Na kama mwenye yai hajazaa kabisa, huyu si ndiye wa kwanza? Alicheka kwanza, halafu akanyamaza. "Watakaa wazee," alisema. "Wataanza kuhesabu kwa yule atakayemlea." Wazee wa ukoo, kwa kadiri yake, wangemaliza shauri hili jioni moja. Serikali ndiyo isiyo na wazee wa kukaa.

Uganda ina njia yake ya kujua nani ni wake. Katiba ya 1995 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini humo ambaye mmoja wa wazazi wake, babu zake au bibi zake anatoka katika makabila yaliyokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Orodha ya makabila imeambatishwa mwishoni mwa katiba, na Wakonzo wamo. Kongo nayo, katika sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004, inawataja watu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo siku ya uhuru. Nchi mbili zimechora ukoo mmoja kwa kalamu mbili: moja inatazama 1926, nyingine 1960. Mtu wa mpakani huweza kuwa na bibi katika orodha ya huku na babu katika orodha ya kule.

Mipaka ya Kongo ina kumbukumbu nyingine inayomhusu yule mfanyabiashara, ingawa haikutokea hapa. Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kongo, DGM, ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Familia za Marekani, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko zilikuwa na hukumu za mahakama za Kongo zenyewe, baadhi zikiwa na viza tayari, na watoto wao hawakuweza kupanda ndege. Kinshasa ilisema inaogopa udanganyifu na biashara ya watoto, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Baadaye, mwaka 2017, waendesha mashtaka wa Ubelgiji walieleza kwamba baadhi ya watoto wa Kongo walioasiliwa huko kama yatima walikuwa na wazazi wao hai. Lakini wenye haki na wasio na haki waliwekwa kapu moja, na wengi walingoja mpaka Februari 2016. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amefikia umri wa chekechea. Somo lake ni zito: hukumu ya mahakama ni karatasi, na afisa wa mpakani anaweza kuikataa ikiwa serikali yake imekwisha kuitilia shaka biashara nzima.

KAMPALA

Bukoto, kitongoji cha Kampala, ndipo ilipo hospitali ya uzazi ya Daktari Edward Tamale Sali. Mtoto wa kwanza wa Uganda aliyetungwa maabara alizaliwa kwa mikono ya kituo hicho mwaka 2004. Novemba 2023 hospitali hiyohiyo ilitangaza kwamba mama wa miaka 70, Safina Namukwaya, amejifungua mapacha kwa njia ya upandikizaji, na habari yake ikasomwa hadi Beni. Kliniki nyingine zimefuata. Sayansi haina upungufu hapa.

Sheria ndiyo imechelewa. Muswada wa mwaka 2023 wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa kitabibu ulipelekwa na Sarah Opendi, wakati huo mbunge mwanamke wa wilaya ya Tororo, na hoja yake ilikuwa kwamba kliniki zinafanya kazi bila kanuni, na mama mbebaji, wazazi watarajiwa na mtoto wote wamebaki kutegemea mkataba wa siri.

Wakili mmoja, Mkonzo wa Kasese anayekijua Kiswahili cha mpakani, alinipigia hesabu ya yule mtu wa Butembo. "Mzee, tuanze na hospitali," alisema. Hospitali inatoa taarifa ya kuzaliwa, na humo linaandikwa jina la aliyezaa. Taarifa hiyo ndiyo inayokwenda NIRA, mamlaka ya vitambulisho iliyoundwa chini ya sheria ya usajili wa watu ya 2015, na huko ndiko cheti kinakotoka. Ikiwa mama mbebaji ni Mganda, cheti kinasema mama ni Mganda, na mtoto anakuwa Mganda wa kuzaliwa. Baba akitambuliwa, na baba ni Mkongo, sheria ya Kongo ya 2004 inamwita mtoto Mkongo tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa inatosha mmoja wa wazazi kuwa Mkongo. Ni nani basi asiye na chochote? Mke. Yai ni lake, fedha ni zao wawili, na katika cheti hayumo.

Kisha mtego wa pili. Kifungu cha kwanza cha sheria ya uraia ya Kongo kinasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Uganda, kwa upande wake, inaruhusu uraia pacha kwa masharti, kwa mtu mzima aliyeomba. Mtoto huyu atazaliwa na uraia wa pande mbili bila kuomba wowote, na nyumba moja kati ya hizo mbili haikubali kushirikiana.

Mke akitaka kumwasili mtoto hukohuko Uganda, anakuta sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inayomtaka mgeni awe ameishi nchini angalau mwaka mmoja. Marekebisho hayo yalikuja kwa sababu nzuri: wageni walikuwa wakichukua watoto wa Uganda kwa amri nyepesi za ulezi na kutoweka nao. Wavu uliotegwa kwa mwizi wa watoto unamnasa mama anayetafuta mtoto wa yai lake.

Nilimuuliza wakili juu ya njia ya mkato ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja kwa sauti: mama mbebaji aingie wodini kwa jina la mke, azae kwa jina la mke, na cheti kitoke safi. Alikunja uso. "Hiyo ni kughushi," alisema. "Na si kughushi kwa siku moja. Ni kughushi kutakakomfuata mtoto." Siku mama mbebaji atakapobadili mawazo, au akataka fedha zaidi, ana kitanzi mkononi. Siku mtoto atakapougua ugonjwa wa kurithi, daktari atasoma historia ya uzazi isiyo ya kweli. Na siku yule mwanamke aliyembeba atakapopata madhara ya uzazi, hakuna karatasi duniani itakayoonesha kwamba aliwahi kuzaa mtoto huyo. Mara nyingi katika mikataba hii yeye ndiye maskini kuliko wote, na njia ya mkato inaanza kwa kumfuta yeye.

Wapo wanaodhani mashaka haya ni ya Afrika tu. India iliyaona mapema. Julai 2008, huko Gujarat, alizaliwa mtoto aliyejulikana kama Manji kwa mama mbebaji, kwa ajili ya mume na mke wa Japani waliokuwa wameachana kabla hajazaliwa. Mke hakumtaka, India haikujua imwandike mama yupi, na Japani haikumtambua kama raia wake. Bibi yake mzaa baba alikuja kumlea huku kesi ikifika Mahakama ya Juu ya India. Mwisho alisafiri Novemba mwaka huohuo kwa hati ya utambulisho isiyo na jina la mama wala uraia. Mapacha wa familia ya Balaz, waliozaliwa Gujarat mwaka huohuo kwa baba Mjerumani, walikaa India hadi 2010, kwa kuwa Ujerumani imepiga marufuku uzazi wa kubebewa. Kwao uraia ulikosekana kabisa. Kwa mtoto wa Butembo umezidi. Shida ya pande zote mbili ina chanzo kimoja: nchi ya tumbo na nchi ya nyumbani hazikuzungumza kabla mtoto hajazaliwa.

NAIROBI

Nairobi wana jambo ambalo Beni na Kampala hawana: hukumu za kusoma. Mwaka 2014 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua shauri la mapacha waliozaliwa na mama mbebaji. Hospitali haikujua jina la kuandika kwenye taarifa ya kuzaliwa, ikaomba ushauri wa idara ya watoto. Maafisa wakawachukua watoto na kuwapeleka kwenye makao ya watoto, ilhali mama mbebaji yupo, wazazi waliowatafuta wapo, na hakuna kati yao aliyekuwa akigombana na mwenzake. Mahakama ilisema kitendo hicho hakikuwa na sababu ya kutosha, na ikaeleza waziwazi pengo la sheria. Bungeni, Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini amesukuma muswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa zaidi ya bunge moja. Rwanda, jirani ambaye jina lake linawasha moto Beni, ilipitisha mwaka 2025 sheria ya huduma za afya inayoruhusu uzazi wa kubebewa. Ukipenda usipende, mtu wa Butembo akiuliza wapi katika eneo letu jambo hili limeandikwa kwenye sheria, jibu linamwelekeza Kigali.

Kenya pia imejifunza kwa kusukumwa kwamba cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa ukuta. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima usajili na uraia. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa miaka michache baadaye, na Wapemba wa pwani mwaka 2023, baada ya vizazi kadhaa vya kuvua samaki na kuoana katika nchi isiyowajua. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba kuingia kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa bila ridhaa ya baba huyo au ushahidi wa ndoa. Milango hiyo yote ilifunguliwa na mtu aliyekwenda kugonga, na kila mmoja ulifunguka kwa walio nyuma yake wote.

Nikiwa Nairobi niliweka katiba na sheria za nchi tatu kwenye meza moja, nikaona kitu kilichonikera. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtoto aliyekutwa nchini, anayeonekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, ahesabiwe raia wa kuzaliwa. Uganda inasema vivyo hivyo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kongo inampa uraia mtoto mchanga aliyeokotwa ambaye wazazi wake hawajulikani. Ni sheria za huruma, na zinastahili sifa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto aliyetupwa kando ya barabara ana jibu tayari katika nchi zote tatu, na mtoto aliyetafutwa na mume, mke na mwanamke aliyembeba, wote wakijulikana kwa majina na anwani, ndiye anayehitaji wakili. Sheria inajua la kufanya na mtoto asiye na mzazi. Ikiona wazazi watatu, inashika kichwa.

Ulaya imeshapita njia hii kwa gharama kubwa. Mapacha wa familia ya Mennesson walizaliwa California mwaka 2000 kwa mama mbebaji, na Ufaransa ikakataa kuwaandika kama watoto wa wazazi wao. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua tarehe 26 Juni 2014 kwamba Ufaransa inaweza kukataza uzazi wa kubebewa, lakini haiwezi kumwadhibu mtoto kwa kumnyima utambulisho wake. Aprili 2019 mahakama hiyo ikaongeza kwamba lazima iwepo njia ya kumtambua mama mtarajiwa, na kuasili kunatosha kuwa njia hiyo ikiwa ni kwa haraka na kwa uhakika. Hapo ndipo penye busara: nchi ina hiari ya kulipenda au kulichukia tendo, lakini mtoto aliyekwisha kuzaliwa si tendo.

MAJIBU YALIYOSIMAMA

Jibu la yule mfanyabiashara, kwa sheria zilivyo, ni hili. Pale Kasindi mtoto atakuwa wa mwanamke aliyemzaa na wa mwanamume aliyemtambua. Mke wake atakuwa mwenzi wa baba, basi, mpaka mahakama iseme vingine. Akiamua kuendelea, asikubali jina lolote la uongo liandikwe hospitalini. Amtambue mtoto mapema, ndani ya miezi 12 ambayo sheria ya Kongo inaitaja. Ridhaa ya mama mbebaji ipatikane mbele ya wakili wake yeye mwenyewe, si wakili wa wanaomlipa. Kisha mke aende mahakamani kumwasili mtoto kwa jina lake halisi na historia yake halisi. Na uraia wa mtoto upelekwe kwa mwanasheria mimba ikiwa bado changa.

Kwa wabunge wa Kinshasa nina la kuwaambia pia. Nchi iliyoweza kumteulia mtoto baba ambaye hakumzaa, kwa hoja kwamba mtoto asiachwe mtupu, haina kisingizio cha kushindwa kumtambua mama ambaye yai ni lake. Hakuna haja ya kuikopa falsafa ya Paris. Kipengele cha baba wa kisheria kipo tayari. Kinachohitajika ni hakimu kupewa uwezo wa kusikiliza shauri kabla ya uzazi, mama mbebaji akiwepo na akisikilizwa, na jina lake libaki katika kumbukumbu ili mtoto akikua aweze kulijua. Na kama Bunge litaona uzazi wa kubebewa haufai Kongo, likataze kliniki na madalali, lakini liandike mstari mmoja unaomlinda mtoto atakayevuka Kasindi hata hivyo, maana atavuka. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Kongo, Uganda na Kenya zote ziliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha saba kinadai mtoto aandikwe mara tu azaliwapo, apewe jina na uraia. Saruji na mafuta vina fomu zake za pamoja pale darajani. Mtoto naye apewe yake.

Nanyi wazazi wa Mulekera, wa Bungulu, wa Butembo, ambao watoto wenu mmewazaa kwa njia ya kawaida kabisa na bado hawamo kwenye rejista: msingoje sheria mpya. Nendeni état civil na karatasi ya hospitali. Ndani ya siku 90 kuandikisha ni bure kwa mujibu wa sheria, na karani hahitaji hukumu ya mtu yeyote.